Bastola ya Nguoni

Hapa kwetu bastola ni kitu cha wakubwa. Mwenye kuivaa aghalabu ni mheshimiwa fulani, au tajiri aliyekwisha kupita mbele ya bodi ya leseni za silaha, akachunguzwa, akaulizwa anaogopa nini na anamwogopa nani. Mtu wa kawaida anaweza kuzeeka asiishike hata mara moja. Kule Marekani mambo ni kinyume. Bastola ndogo ya kuficha nguoni ni bidhaa ya dukani kama redio au cherehani, na iliyo rahisi huuzwa kwa dola 200 au 300, yaani chini ya bei ya simu nyingi tunazoziona mikononi mwa vijana wetu. Mnunuzi wake mara nyingi si tajiri. Ni dereva wa teksi, ni mwuguzi atokaye kazini usiku wa manane, ni mjane akaaye peke yake, ni kijana auzaye katika kituo cha petroli.

Msomaji ataniuliza, ukurasa wa utamaduni una haja gani na bastola? Haja ipo. Kuvaa silaha ni utamaduni kama ulivyo utamaduni kuvaa kofia au kujifunga leso, na una adabu zake. Tena vijana wetu waliokwenda Marekani kusoma na kutafuta riziki, baadhi yao wameanza kuvaa vazi hilo. Nimezungumza na wachache wao, na nimesoma mengi waliyoyaandika Wamarekani wenyewe walio na bastola hizo. Maoni nitakayoyatoa ni yangu, lakini sehemu kubwa ya ushahidi ni wao walioutoa.

Watu wa pwani hawakuwa wageni wa silaha. Mwungwana wa Lamu, wa Mombasa au wa Unguja ya zamani alipovaa kwa Idi au kwa arusi, juu ya kanzu alifunga mshipi, na kwenye mshipi palikaa jambia, ala yake imepindwa na kutiwa nakshi ya fedha. Omani hata leo jambia hilo limo katika bendera ya nchi pamoja na panga mbili. Lakini angalia mahali lilipovaliwa. Lilivaliwa mbele, katikati ya tumbo, ambapo kila mwenye kukujia hana budi kuliona. Na kwa kuwa kila mtu aliliona, kila mtu alimpima mwenendo yule aliyelivaa. Kijana aliyeupeleka mkono kwenye mpini kwa ugomvi wa barazani alikwisha kuaibika kabla hata hajachomoa, na wazee walipata nafasi ya kuingia kati. Ama yule aliyeficha kisu chini ya kikoi, huyo hakuitwa mwungwana. Alikuwa na majina yake mengine.

Nasi tuliosoma chuoni tulifundishwa adabu za silaha kabla hatujaiona silaha yenyewe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu wasipokezane upanga uliochomolewa. Aliamrisha mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamdhuru mtu. Na alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwani hajui, huenda shetani akauvuta mkono wake. Ukisoma leo kanuni wanazofundishwa Wamarekani katika viwanja vyao vya shabaha utaona hawakwenda mbali na hayo. Wanaambiwa kila bunduki waihesabu kuwa ina risasi, na mtutu wasiuelekeze kwa kitu wasichotaka kukiangamiza. Ila sisi tulifundishwa hayo kwa silaha ambayo jirani anaiona na anaweza kusema, "Bwana, angalia mishale yako." Silaha iliyo ndani ya shati, nani atamwambia mwenyewe aiangalie?

La ajabu ni kwamba Wamarekani wa zamani waliliona jambo hili kama walivyoliona wazee wetu. Mwaka 1813 majimbo ya Kentucky na Louisiana yalitunga sheria za kukataza silaha za kufichwa, na majimbo mengine ya kusini yakafuata. Hawakukataza silaha yenyewe. Mwenye kuitaka aliruhusiwa kuivaa waziwazi. Mwaka 1850 mahakama kuu ya Louisiana ilitoa hukumu ambayo maana yake ni kwamba kuivaa hadharani ndiko kuliko na uanaume, na kuificha ni kujitafutia nafasi ya kuua kwa hila. Hila hiyo nchi nzima iliiona usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, mchezaji wa tamthilia John Wilkes Booth alipoingia katika ukumbi wa Ford's Theatre mjini Washington na kibastola cha risasi moja kilichotengenezwa na Henry Deringer wa Philadelphia. Kilikuwa kidogo hata kikaingia mfukoni. Rais Abraham Lincoln alipigwa nyuma ya kichwa, na asubuhi yake akafariki. Toka hapo jina la yule fundi likatumiwa kwa kila bastola ndogo, tena kwa kuongezewa herufi moja ambayo haikuwa yake.

Basi ilikuwaje hata kilichokuwa aibu kikageuka heshima? Mambo kama haya hayabadiliki kwa siku moja, lakini mwaka wa kukumbukwa ni 1987, jimbo la Florida lilipotunga sheria kwamba kila raia aliyetimiza masharti lazima apewe leseni ya kuchukua silaha ya kufichwa, afisa asiwe na hiari ya kumnyima. Majimbo mengine yakaandamana nyuma. Mwaka 2021 Texas ikaiondoa haja ya leseni kabisa kwa watu wazima waliofika miaka 21 na wasiozuiwa na sheria nyingine. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi, katika kesi iliyotoka New York, ikaamua kwamba raia halazimiki kueleza ana haja gani ya pekee ndipo aruhusiwe. Leo katika zaidi ya nusu ya majimbo 50 mtu mzima hutia bastola ndani ya suruali akatoka nyumbani bila ya kibali chochote. Na adabu imepinduka. Mwenye kuivaa waziwazi ndiye anayenong'onwa sokoni kwamba anatisha watoto, na mwenye kuificha ndiye mstaarabu.

Sasa tuje kwenye bei, kwani hapo ndipo mnyonge anapoingizwa.

Mwaka 1968, mwaka waliouawa Martin Luther King na Robert Kennedy, Marekani ilipitisha sheria ya bunduki iliyozuia kuingiza nchini bastola ndogo ndogo za bei rahisi kutoka ng'ambo. Lakini haikukataza kuzitengeneza hapo hapo nchini. Mfanyabiashara hakosi mlango. Kuanzia mwaka 1970 vikazuka viwanda kandokando ya mji wa Los Angeles, vingi vikiwa vya jamaa na marafiki wa familia moja, vikitengeneza vibastola kwa madini ya zinki yaliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kama mtu anavyotengeneza kitasa cha kabati. Vilikuwa rahisi mno, na viliuzwa kwa mamilioni.

Kimoja cha viwanda hivyo kiliitwa Bryco. Bastola yake ya namna moja ilikuwa na kasoro ambayo hata mtoto wa chuo angeiona: ukitaka kuitoa risasi ndani, lazima kwanza ukiondoe kile kijichuma kinachoizuia isilie. Yaani wakati ule unapotaka kuifanya salama ndio wakati inapokuwa hatari kuliko wote. Mwaka 1994, huko California, kijana mmoja aliyekuwa akiangalia mtoto alijaribu kuitoa risasi bastola hiyo, ikalia, na mtoto wa miaka 7 akapigwa kidevuni, akapooza toka shingo kwenda chini. Mwaka 2003 mahakama ikaamua kiwanda na wenyewe wamlipe takriban dola milioni 24. Kiwanda kikajitangaza kimefilisika. Mwaka 2004 mali zake zilipopigwa mnada, yule mtoto, sasa kijana, pamoja na wakili wake walichangisha fedha ili wakinunue kiwanda kile na kuziyeyusha bastola zote zilizosalia. Wakashindwa katika mnada. Aliyewazidi, kwa dola zaidi kidogo ya nusu milioni, alikuwa msimamizi wa zamani wa kiwanda hicho hicho, akaendelea na kazi chini ya jina jipya mpaka nayo kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2020.

Sitasema kwamba bastola rahisi za leo ni sawa na zile. Hazilingani. Zile za Taurus kutoka Brazil, za Kel-Tec za Florida, za Ruger, zimetengenezwa kwa chuma na plastiki ngumu na watu wanaojua kazi yao. Hata hivyo usidhani habari ya kasoro imekwisha. Mwaka 2008 Ruger yenyewe iliziita kiwandani bastola zake mpya za LCP kwa kuwa zilionekana huenda zikalia zikianguka. Na mwaka 2013 askari mmoja wa jimbo la Iowa aliishtaki Taurus, akisema bastola yake ilimwanguka akimfukuza mtu, ikalia. Kesi hiyo ikawa ya namna tisa za bastola zilizokaribia milioni moja, na kampuni ikakubali suluhu bila ya kukiri kosa.

Lakini nilisema nitawasikiliza wenye kuzivaa. Na hawa ninaowasikiliza si maadui wa bastola. Ni wenye kuzipenda.

La kwanza wanalolisema ni teke. Aliyefundishwa na sinema hudhani kwamba bastola iliyo nyepesi kubeba ni nyepesi kupiga. Kumbe bunduki nzito hulimeza teke lake yenyewe, na nyepesi hukurudishia lote mkononi. Hiyo Ruger LCP bila risasi haifiki gramu 300. Walio nayo huisifu kwamba hukaa mfukoni pamoja na funguo wala hawaisikii. Watu hao hao husema kwamba wakiipiga risasi ishirini au thelathini, kiganja huwaka moto. Mtutu ni mfupi, na vile vijinundu vya kulengea shabaha ni vidogo hata mwenye miwani huvitafuta. Basi inakuwa hivi: mtu huinunua, huipeleka uwanjani siku moja, huipiga, hukunja uso, na harudi tena. Bastola iliyo ngumu kuliko zote kuipiga sawasawa ndiyo imekaa mikononi mwa watu wasiofanya mazoezi.

Na mazoezi yenyewe yana gharama. Wazoefu humwonya mgeni kwamba asiiamini bastola yake mpaka amepiga risasi 200 bila kukwama hata mara moja, kwani hizi ndogo huchagua risasi kama mtoto anavyochagua chakula. Ushauri mwema. Lakini aliyenunua bastola ya dola 200 kwa sababu hizo 200 ndizo alizo nazo, hizo risasi za kuijaribu atazinunua kwa nini? Halafu aongeze ala, na mshipi mgumu usiolegea. Wengi hujaribu ala tatu au nne kabla ya kupata isiyowachoma nyonga, na zile zilizokataliwa hujaa kabatini. Shati nalo lazima liwe pana, la sivyo umbo la bastola hujichora kwenye nguo akiinama. Kijana mmoja wa kwetu aliyeko Texas alinieleza kwamba anavaa koti jepesi wakati wa joto ambalo mtu angetamani kuvua hata ngozi. Jasho nalo hutia kutu, na nyuzinyuzi za mfukoni huingia mtutuni, kwa hiyo bastola ya mfukoni hutaka kufutwa na kutiwa mafuta kila mara, na mvivu asiyeifuta hajui kama itakubali siku atakayoihitaji.

Haya ni ya mwili. La moyoni hulisema wachache, tena mpaka uwazoee. Wapo waliosema, nami ninawasadiki, kwamba toka walipoanza kuivaa wameacha kugombana na watu barabarani. Hutukanwa wakanyamaza, kwa kuwa wanajua ugomvi mdogo unaweza kuishia wapi. Hilo ni jambo la heri, na lingekuwa la heri zaidi kama wangelipata bila ya chuma. Wengine husema hawawezi tena kukaa mkahawani wakiupa mlango mgongo. Hununua maziwa wakihesabu watu waliomo dukani. Huigusa kiunoni kila baada ya dakika chache kujua kama ipo. Nimeyatia haya katika ubeti mmoja, mtanisamehe, mazoea ya kazi:

Silaha ya kufichika, haimtishi adui,
Mwenyewe huhangaika, halali wala hatui,
Kiunoni huishika, kama ipo hatambui,
Na siku ikidondoka, huuma, haichagui.

Ule mstari wa tatu si chumvi ya ushairi. Ikishazoeleka, bastola husahauliwa na aliyeivaa. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikuta bunduki 6,737 kwa abiria waliokuwa wakielekea kupanda ndege, na zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa na risasi ndani. Jawabu wanalolisikia mara kwa mara ni hili: nilisahau. Mtu amebeba mauti kiunoni au katika mkoba, na amesahau! Wala si raia peke yao. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba askari walinzi wa Bunge la Washington waliacha bastola zao vyooni mle mle bungeni, na moja iligunduliwa na mtoto mdogo. Wahenga wetu waliposema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wakimsema chawa, lakini wangalisafiri wangaliona.

Na wakati mwingine hakuna wa kuiona kwa bahati njema. Tarehe 30 Desemba 2014, katika mji wa Hayden jimboni Idaho, mama mmoja kijana alikuwa dukani na watoto. Alikuwa mwanasayansi, mtu wa elimu, na leseni anayo. Bastola ilikuwa katika mkoba uliotengenezwa makusudi kwa kuficha silaha, una kifuko cha zipu, zawadi aliyopewa na mumewe kwa Krismasi. Mtoto wake wa miaka 2 alikuwa amekaa ndani ya kigari cha kuwekea bidhaa, mkoba uko ubavuni pake. Akaingiza mkono. Mama alikufa pale pale dukani, siku tano baada ya Krismasi.

Najua watakaonijibu, na jawabu lao lina uzito. Watasema, wewe mzee unakaa Mombasa, una majirani, ukipiga kelele usiku mtaa mzima utatoka. Jee, yule akaaye mahali ambapo jirani hajui jina lake, na polisi huja baada ya saa nzima? Tajiri ana mlinzi na ukuta. Maskini ana nini? Na watakumbusha kwamba pale sheria ilipompa afisa hiari ya kutoa leseni au kunyima, aliyenyimwa alijulikana kwa rangi yake. Mwaka 1956, baada ya nyumba yake kupigwa bomu mjini Montgomery, kasisi Martin Luther King aliomba leseni ya kuchukua silaha. Akanyimwa. Hiyo ni kweli tupu. Na wapo wanaosema kwamba wenye kuzipiga vita bastola rahisi hawakuwahi kuchukia bastola, wamechukia kuiona mkononi mwa mnyonge.

Mimi siwezi kumcheka mwenye kusema hivyo. Kijana wetu yule wa Texas anauza petroli usiku. Mwenzake wa zamu aliwahi kuelekezewa bunduki akatoa fedha zote. Aliponipigia simu kuniuliza ninaonaje akinunua bastola kama ile ya rafiki yake, hakuwa anataka ushujaa. Alikuwa anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

Hata hivyo nilimwambia asinunue. Kwanza nilimwuliza habari ya karatasi zake. Sheria ya nchi ile haimruhusu mgeni aliyeko kwa viza ya muda, kama mwanafunzi, kumiliki bunduki wala risasi, ila kwa sababu chache kama leseni ya kuwinda. Mwenye kibali cha ukazi wa kudumu anaruhusiwa, lakini naye akipatikana na hatia ya makosa ya silaha anaweza kurudishwa kwao. Vijana wetu wengi hawalijui hili, kwa kuwa katika majimbo kama Texas mtu anaweza kununua kwa jirani bila ya kuulizwa chochote. Kutoulizwa si ruhusa.

Pili nilimkumbusha ya Minnesota, jimbo lenye watu wetu wengi wa Afrika Mashariki. Tarehe 6 Julai 2016, karibu na mji wa St. Paul, polisi alilisimamisha gari la mtu mweusi mmoja, msimamizi wa jiko la shule, anayependwa na watoto. Alikuwa na leseni ya kuchukua bastola. Akafanya kama adabu inavyotaka: akamwambia polisi kwa utaratibu kwamba ana silaha. Polisi akampiga risasi kadhaa akiwa amefungwa mkanda wa gari, mchumba wake ubavuni na mtoto mdogo kiti cha nyuma. Mwaka 2017 baraza la mahakama likamwachilia polisi yule. Ninajua kwamba sheria inamruhusu mtu mweusi kuificha bastola nguoni kama inavyomruhusu mweupe. Lakini bastola iliyofichwa huonekana kwa macho ya anayekutazama, na macho hayo hayakuandikwa katika sheria.

La tatu sikumwambia kwa simu, nalo ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani. Katika hao, 26,328 walijiua wenyewe. Mwenye kununua bastola ya nguoni humfikiria mtu asiyemjua, amesimama gizani. Hesabu inasema kwamba zaidi ya nusu ya waliokufa, aliyewaua walimjua vizuri sana. Sasa mfikirie kijana wa kwetu. Yuko peke yake katika chumba cha kukodi, hana shangazi wa kumgongea mlango akimwona hajatoka siku mbili. Analala mchana na kufanya kazi usiku. Nyumbani wanangojea fedha, na kila akipiga simu husema mambo ni mazuri. Kisu cha jikoni, vidonge, hivyo humpa mtu dakika za kujirudi, na wengi hujirudi. Bastola haitoi dakika. Kumpa kijana kama huyo kitu hicho akilaze chini ya mto, hata kama leseni anayo na shabaha anaijua, mimi siwezi kuunyosha mkono wangu kulibariki hilo.

Nilimwandikia haya baadaye kwa kirefu. Hakunijibu kwa muda wa wiki tatu, nikadhani nimemwudhi. Kisha akapiga simu. Alimwomba mwenye kituo atie kioo kizito mbele ya sanduku la fedha, akaambiwa ni ghali. Akaomba zamu ya mchana, akapewa, kwa saa chache na mshahara mdogo zaidi. Amelalamika kwamba mchana wateja ni wengi na hapati kukaa. Ile bastola ya rafiki yake, asema, sasa inauzwa, kwani rafiki mwenyewe amepata mtoto.